Kabla Urudi Windows: Historia ya Siku ya Kwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Kama uko na laptopu ya ex-UK, unajua hii stori inakuhusu. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: mashine iwe na TPM 2.0, ile sehemu ya kutunza siri za usalama, na kama ni Intel, prosesa iwe ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana. Sasa hesabu zile laptopu tulizonunua tao baada ya ofisi za ng'ambo kuzichoka. i5 ya kizazi cha sita, RAM 8GB, SSD imebadilishwa, betri imechoka kidogo. Inaandika vizuri, inaonyesha muvi vizuri, assignment inafanya. Kwa Microsoft hiyo ni maiti. Wamekubali kukupa masasisho ya usalama ya mwaka mmoja zaidi ukijisajili, halafu basi.

Kwa hivyo wasee wameanza kuhama. Wengi wanaenda Linux, kwa sababu ni ya bure na haijali sana laptopu yako ilizaliwa lini. Na wanaohama wananiandikia baada ya siku moja au mbili, maneno ni yale yale: maze, hii kitu ni mbaya, sipati chochote, narudi.

Sitakuambia urudi wala usirudi. Nataka tuongee juu ya hiyo siku ya kwanza yenyewe, kwa sababu ina historia ndefu kuliko Linux. Kuna kampuni zimetengeneza mabilioni kwa kuielewa, na kuna jiji zima huko Ujerumani lilivurugana juu yake kwa zaidi ya miaka kumi.

Tuanze 1984. Apple ilizindua Macintosh tarehe 24 Januari mwaka huo, bei dola 2,495. Mtu wa kompyuta wakati huo alikuwa mtu wa kuandika amri. Unawasha mashine ya IBM, unapata skrini nyeusi na kistari kinapepesa, unaandika jina la kitu unachotaka ukijua tahajia yake. Macintosh ikaja na madirisha, aikoni na mausi. (Wazo lenyewe Apple walikuwa wameliona kwa Xerox, kule California, mwaka 1979. Hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Apple walijua kitu kimoja kuhusu binadamu: ukimwachia njia ya zamani hatagusa ile mpya. Kwa hivyo kibodi ya Macintosh ya kwanza haikuwa na vitufe vya mishale. Si kwamba walisahau. Waliviondoa makusudi, ili ukitaka kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine usiwe na jinsi ila kushika mausi. Na kwenye boksi waliweka kaseti, ile ya kucheza kwenye redio, sauti inakuelekeza huku diski ikikuonyesha kwenye skrini namna ya kusukuma mausi. Yaani unalipa dola 2,495 halafu unafundishwa kusukuma kitu mezani kama mtoto wa PP1.

Kuna waliocheka. Mwandishi wa teknolojia John Dvorak aliandika mwaka huo huo kwamba hakuna ushahidi kuwa watu wanataka kutumia mausi. Leo ni rahisi kumwona mjinga, lakini hebu kaa kwenye kiti cha mtu aliyejua DOS kama kiganja chake. Kutoa mkono kwenye kibodi, kutafuta mausi, kulenga picha ndogo, kubofya, kurudi kwenye kibodi: hiyo ni safari. Kwa mikono yake, siku hiyo, Macintosh ilikuwa inamchelewesha kweli. Na mwaka 1986 ilipokuja Macintosh Plus, mishale ilirudi kwenye kibodi. Kazi ya kuwalazimisha watu ilikuwa imeisha.

Microsoft walienda na njia tofauti, na hapa ndipo stori inakuwa tamu.

Walipokuwa wanatengeneza Windows 95, walikuwa wanaingiza watu wa kawaida kwenye chumba, wanawapa kazi ndogo ndogo kwenye kompyuta, halafu wanakaa na kuwaangalia wakihangaika. Mmoja wa ile timu, Kent Sullivan, aliandika baadaye waliyoyaona, na ukisoma utahisi unaangalia mzazi wako akifundishwa WhatsApp. Kubofya mara mbili kuliwashinda wengi. Folda ndani ya folda ndani ya folda iliwapoteza. Na hii ndiyo naipenda: mtu akifungua dirisha la pili likafunika la kwanza, aliamini la kwanza limepotea. Hakufikiria liko nyuma. Kwake kisichoonekana hakipo. Anaenda kufungua programu ile ile tena, na tena, mpaka mashine inachoka.

Ule mstari wa chini ya skrini, unaoonyesha kila kitu ulichofungua, ulikuja kutibu hiyo shida. Kwenye matoleo ya majaribio kulikuwa na vitufe vitatu pale chini, na watu hawakuelewa ni vya nini. Vikakusanywa vikawa kimoja, kikaandikwa neno ambalo hata mtu wa mara ya kwanza angelielewa: Start. Hata hiyo haikutosha. Waliongeza maandishi yenye mshale yanayosogea pale chini, yakikuambia bofya hapa uanze. Siku ya uzinduzi, tarehe 24 Agosti 1995, tangazo lao lilitumia wimbo wa Rolling Stones, "Start Me Up." Pesa yote hiyo kwa sababu ya kitufe.

Lakini kuna kitu kidogo kwenye Windows 95 ambacho watu hawakitaji. Waliokuwa wamezoea Windows 3.1 walikuwa wamezoea kianzio kilichoitwa Program Manager. Microsoft hawakukifuta. Kiliwekwa ndani ya Windows 95, kimya kimya, ili kama wewe ni mtu wa zamani na hii mpya imekukataa, ukifungue uendelee na maisha yako. Apple walikata daraja, Microsoft waliacha daraja wakaweka taa kwenye barabara mpya. Mimi nadhani hilo, pamoja na bei ya mashine na programu zilizokuwepo, lina mchango mkubwa kwa kilichofuata.

Kilichofuata tunakijua, kwa sababu kilitufikia. Mtu wa umri wangu alikutana na kompyuta kwa saiba, Windows XP, kilima cha kijani na mbingu ya buluu. Au alimaliza Form Four, mzazi akasema kabla ya matokeo usikae nyumbani bure, nenda ufanye packages. Na packages ni nini? Windows, Word, Excel, PowerPoint, Access, Publisher. Unapata cheti kimeandikwa umesoma kompyuta. Bana, hukusoma kompyuta. Ulisoma bidhaa za kampuni moja, mahali vitufe vyake vilipo, na kwa utaratibu gani unavibofya. Ni kama kupewa leseni ya kuendesha gari inayosema Probox pekee.

Sisemi kwa dharau, hata mimi ninacho hicho cheti. Nasema ili uelewe kwa nini siku ya kwanza ya Linux inauma. Huko kwenye madarasa hawakutufundisha faili ni nini na inakaa wapi. Walitufundisha mkono uende kona ya chini kushoto. Ukipelekwa mahali kona ya chini kushoto haina kitu, unahisi umekuwa mjinga ghafla, na hakuna mtu anapenda kuhisi hivyo. Rahisi zaidi kusema kitu chenyewe ni kibaya.

Kuna jaribio moja linaloonyesha vile hiyo hisia inaweza kutengenezwa hata kabla hujagusa kitu. Windows Vista ilifika madukani Januari 2007 na ikapata jina baya haraka: nzito, inauliza ruhusa kila dakika, printa za watu zimekataa kufanya kazi. Mengi yalikuwa ya kweli. Mwaka 2008 Microsoft wakaita watu waliokuwa na maoni mabaya kuhusu Vista, wakawaambia tunataka kuwaonyesha mfumo mpya unaoitwa Mojave. Watu wakaangalia, wakasifu. Kisha wakaambiwa: hii ndiyo Vista. Kamera zikachukua nyuso zao, ikawa tangazo.

Tangazo lilichekesha, lakini tusidanganyane. Mashine zilikuwa za Microsoft, zimeandaliwa vizuri, na kulikuwa na mtu anayekuonyesha. Hakuna aliyeenda nayo nyumbani akaiunganisha na printa yake ya zamani. Kwa hivyo kile kilichothibitishwa ni kwamba watu walikuwa wamechukia jina, na kwamba onyesho la dakika chache linaweza kukupendeza bure vile vile linavyoweza kukuchukiza bure. Hiyo ya pili Microsoft hawakuiweka kwenye tangazo.

Sasa twende kwenye vile vilaptopu vidogo. Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC, kadogo, ka bei nafuu, na ndani ilikuwa Linux. Kampuni nyingine zikafuata. Ilionekana kama hatimaye Linux imepata mlango wa kuingilia nyumbani kwa watu. Mwaka 2008 mkubwa mmoja wa kampuni ya MSI akasema hadharani kwamba vilaptopu vyao vyenye Linux vilikuwa vinarudishwa dukani angalau mara nne zaidi ya vile vyenye Windows XP. Watu walinunua bila kujua ni nini, wakafungua nyumbani, wakaona si Windows, wakarudisha. Microsoft kwa upande wao wakaendelea kuwauzia watengenezaji XP ya bei ya chini kwa mashine hizo ndogo, na mlango ukafungwa.

Lakini angalia kitu kilichotokea miaka hiyo hiyo, upande mwingine. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008. Mnamo 2011 Safaricom ikaleta hapa Kenya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi elfu nane, na ghafla watu waliokuwa na Nokia za vitufe wakahamia kioo. Android imejengwa juu ya Linux. Yaani kiini kile kile ambacho watu walikuwa wanakirudisha dukani ndani ya kilaptopu, walikuwa wanakipigia foleni kikiwa ndani ya simu. Walilalamika juu ya betri, sana, kwa sababu Nokia ilikuwa inakaa siku kadhaa na hii inazima jioni. Lakini sikumbuki mtu akisema anarudi kwa vitufe kwa sababu hakupata menyu.

Nimefikiria hili kwa muda, na jibu langu ni hili. Kilaptopu cha Linux kilifanana na Windows: kibodi, skrini, mstari chini, madirisha. Mkono ukaingia ukijiamini, ukakosa ngazi moja gizani. Simu ya kioo haikufanana na chochote, kwa hivyo hakuna aliyetarajia kuijua. Alijua anaanza upya na akajipa ruhusa ya kuwa mwanafunzi. Uchungu wa kuhama ni mkubwa zaidi pale vitu viwili vinapofanana sana kisha vikatofautiana kidogo. Muulize yeyote aliyetoka Mombasa akafika Dar es Salaam akidhani Kiswahili ni kimoja hadi alipoingia kwa duka.

Na sasa Munich. Nilisema nitafika.

Mwaka 2003 manispaa ya jiji la Munich ilikuwa na tatizo lako la leo. Kompyuta zao zilikuwa na Windows NT 4, na Microsoft ilikuwa inaelekea kuacha kuitunza. Walikuwa na njia mbili: walipe wahamie Windows mpya, au waende Linux. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji akaenda kuongea na meya Christian Ude mwenyewe. Haikusaidia. Baraza likachagua Linux, mradi ukaitwa LiMux, na hadi kufika 2013 zaidi ya kompyuta 14,000 zilikuwa zimehamishwa. Jiji lilisema limeokoa zaidi ya Euro milioni 10.

Hapa ndipo watu hupenda kusimamisha hadithi, upande wowote walio. Mashabiki wa Linux wanasimama 2013 na kushangilia. Mashabiki wa Windows wanaruka hadi Novemba 2017, baraza lilipopiga kura kurudi Windows kwa gharama ya karibu Euro milioni 50. Katikati kuna nini?

Katikati kuna watumishi wa umma. Mtu wa leseni, mtu wa vyeti vya kuzaliwa, mtu wa mishahara. Wanapokea faili za Word kutoka ofisi nyingine za serikali ambazo hazikuhama, wanazifungua, jedwali limehama, mistari imevunjika. Wanarekebisha, wanatuma, huko zinakofika zimevunjika tena. Hiyo si siku ya kwanza tena, hiyo ni kila siku. Na kuna siasa: 2014 meya mpya, Dieter Reiter, aliingia, na hakuficha kwamba yeye anapenda bidhaa za Microsoft. Mwaka 2016 Microsoft ikahamishia makao yake makuu ya Ujerumani ndani ya jiji lenyewe. Na ripoti ya washauri waliolipwa na jiji ilisema sehemu kubwa ya shida haikuwa Linux bali jinsi idara za kompyuta za jiji zilivyopangwa: wengi, wametawanyika, hawasikizani. Mtandao ukikwama, mtu anatukana LiMux. Printa ikikwama, LiMux. Ukishahamia kitu kipya, kila bahati mbaya inakuwa yake. Mwaka 2020 vyama vilivyoungana kuongoza jiji vikakubaliana tena kupendelea programu huria pale inapowezekana. Kwa hivyo hakuna upande ulioshinda, kaka. Kuna watu walioumwa na jedwali zilizovunjika, na kuna watu waliotumia hayo maumivu.

Mimi kwenye hili nalaumu zaidi muundo wa faili kuliko mfumo. Ukihama peke yako na kila mtu unayefanya naye kazi amebaki, unabeba gharama ya kila mtu. Kama wewe unatumiwa Word zenye jedwali ngumu kila siku na bosi, hiyo ni sababu halali ya kubaki, na haina uhusiano na uvivu.

Ambayo inanileta kwa swali gumu. Je, kila anayechukia siku ya kwanza anasumbuliwa na mazoea tu? Hapana. Oktoba 2012 Microsoft wenyewe waliwafanyia watumiaji wao kile Apple walichofanya 1984. Windows 8 ilitoka bila kitufe cha Start. Kile kile cha Rolling Stones. Ukiwasha unapata ukuta wa vigae vya rangi, vimetengenezwa kwa kidole, na wewe uko na mausi. Kuzima kompyuta tu ilikuwa kazi ya kutafuta: peleka mausi kwenye kona, subiri mstari utokee pembeni, ingia mipangilio, kisha ndani ya hapo ndiyo kuna kuzima. Watu wakasema ni mbaya. Microsoft wakasema mtazoea. Kampuni moja ikatengeneza programu ndogo ya kurudisha kitufe, ikaiita Start8, ikaiuza dola 4.99, na watu wakalipa. Oktoba 2013 kitufe kilirudi kwenye Windows 8.1, na Julai 2015, Windows 10 ikarudisha menyu yenyewe.

Tofauti iko wapi? Mimi napima hivi. Mtu wa Windows 95 alilalamika kwa sababu hakujua kitu kiko wapi, na akishajua, njia mpya ilikuwa fupi. Mtu wa Windows 8 alikuja kujua vizuri kitu kiko wapi, na bado njia ilikuwa ndefu kuliko ya zamani. Lalamiko la kwanza linaisha lenyewe ndani ya wiki mbili hivi. La pili linakua. Kwa hivyo ukiwa siku ya pili huwezi kujua lako ni lipi. Kihisia yanafanana kabisa.

Na usidhani watu wa Linux wako juu ya haya mambo. Ubuntu, ile iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilianza Oktoba 2004 na jina ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa: ubuntu wao na utu wetu ni mzizi mmoja. Walikuwa wanakutumia CD za bure kwa posta, popote duniani, wanalipa stempu wao. Mapenzi yalikuwa makubwa. Kisha 2010 wakahamisha vitufe vya kufunga dirisha kutoka kulia hadi kushoto. Vitufe vitatu tu! Kelele zilizotokea ungedhani wameuza kampuni. Mwaka 2011 wakabadilisha muonekano wote kuwa Unity, na watu wakahama kwa hasira, wengi wakaenda Linux Mint iliyobaki na sura waliyoizoea. Mwaka huo huo Linus Torvalds, mtu aliyeanzisha Linux yenyewe 1991 akiwa mwanafunzi huko Finland, alikasirishwa na GNOME 3 hadharani na akaihama. Baadaye alirudi. Kama baba wa kitu chenyewe alichukia siku ya kwanza, wewe uko sawa.

Kuna sehemu moja ya hii historia inayonihuzunisha kidogo, na ni yetu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, za bure, mtu yeyote achukue. Watu walikaa wakatafuta maneno: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Baadaye Microsoft nayo ikatoa Kiswahili cha kuweka juu ya Windows XP. Sasa fanya jaribio hili wewe mwenyewe leo: badilisha lugha ya simu au laptopu yako iwe Kiswahili, kaa nayo siku moja. Mimi nilifanya. Mtu anayeongea Kiswahili tangu azaliwe anafika kwenye neno "Hifadhi" na anasimama. Anajiuliza hii ni nini. Neno analolijua kabisa, kwenye sentensi yoyote angelielewa, lakini kwenye kitufe linamchanganya kwa sababu mkono ulijifunza umbo la neno la Kiingereza, si maana yake.

Hapo nilielewa mazoea yana nguvu kiasi gani. Yanaweza kukufanya mgeni ndani ya lugha yako. Na wasee wengi wanarudisha Kiingereza kabla ya jioni, halafu wanasema Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Hicho ni kilaptopu kinarudishwa dukani, si kingine. Nina swali kwa wanaotoa hizo programu za kompyuta za shule: mtoto ambaye bado mkono wake haujajifunza chochote, ambaye "Hifadhi" na neno la Kiingereza kwake ni sawa tu, kwa nini tunamwanzishia Kiingereza? Yeye hana siku ya kwanza ya uchungu.

Sasa turudi kwa i5 yako. Usifute Windows leo. Tafuta flashi ya 8GB kwenda juu, weka Linux Mint au Ubuntu ndani yake, iwashe laptopu kutoka kwa flashi bila kusakinisha chochote. Siku hiyo usijiulize kama unaipenda, kwa sababu jibu unalo tayari na ni hapana. Angalia vitu ambavyo mazoea hayawezi kurekebisha: WiFi inashika? Sauti inatoka? Mwangaza wa skrini unapanda na kushuka? Ukiifunga na kuifungua inaamka? Hizo zikikataa, una lalamiko la kweli. Halafu angalia kazi yako. Kama unaishi ndani ya Photoshop, haiji huku kirasmi. Kama unacheza Valorant, sahau, haiingii. Kama kazi yako ni kivinjari, LibreOffice, muziki na muvi, endelea.

Ukishasakinisha, andika kwenye karatasi kila kitu kinachokukera wiki ya kwanza. Karatasi ya kweli. Ifiche. Baada ya wiki mbili itoe, ufute kila kitu ambacho hata hukumbuki kilikuwa kinakukera. Nilipofanya hivyo na ya kwangu, nilikuwa nimeandika vitu kumi na moja, vikabaki viwili: fonti za faili ninazotumiwa, na jinsi padi ya kugusa inavyosogeza kurasa. Ya pili ilikuwa mpangilio wa kubofya mara moja. Ya kwanza bado ninayo, na ni ile ile ya Munich.

Yako ikibaki na vitu vingapi, niambie. Na mtu mwenye ThinkPad ya kizazi cha sita ambayo WiFi imekataa, tuma modeli kamili, nitaiangalia wikendi.